Mshale wa Nyika ya Tana na Chembe Yake Nyembamba

Barabara itokayo Malindi kwenda Lamu huvuka mto Tana pale Garsen. Upande wa bahari ni delta, penye mpunga na miembe ya Wapokomo na malisho ya kiangazi ya ng'ombe wa Waorma. Upande wa bara huanza nyika, nchi ya miiba na udongo mwekundu inayokwenda hadi mto Sabaki, ambao huko juu huitwa Galana, na kuingia Tsavo Mashariki. Nyika hiyo ndiyo iliyokuwa nchi ya Waata, wawindaji ambao lugha yao inakaribiana sana na ya Waorma. Watu wa pwani wamezoea kuwaita Wasanye, na Wagiriama huwaita Waliangulu. Ng'ambo ya mto, kuelekea Witu na misitu ya Lamu, walikuwako wawindaji wenzao, Wadahalo na Waboni. Walioandika habari za Waata, hasa maofisa wa wanyamapori wa miaka ya 1950, walishikilia mambo mawili: upinde wao mzito na sumu yao kali. Kutokana na hayo likazaliwa elezo jepesi, kwamba sumu ndiyo iliyomuua tembo, na kazi ya mwindaji ilikuwa kuifikisha kwenye ngozi ya mnyama basi. Elezo hilo naona limewapunja watu hawa ufundi wao. Ukiuchunguza mshale wenyewe, kipande kwa kipande, utaona kwamba sumu haikuwekwa ili kufidia shabaha mbovu. Sumu ndiyo iliyomruhusu fundi kutengeneza chembe nyembamba. Wembamba wa chembe ndio ulioufanya mshale uende sawa na kuzama. Na mpango huo mzima ulidai shabaha kali kuliko ile inayodaiwa na mishale mingi ya kuwindia isiyo na sumu.

Tatizo lenyewe analijua kila aliyewahi kupiga upinde. Mshale wenye ncha ya mviringo, ule wa kufanyia mazoezi, husamehe makosa mengi, maana mbele yake hakuna kitu kipana cha kukamata upepo. Ukiutoa ule na kufunga chembe bapa yenye makali mawili ya kukata nyama, mshale ule ule uliokuwa ukifuata shabaha huanza kwenda kombo. Bapa la mbele huwa bawa. Mshale ukitoka kwenye upinde umeinama kidogo tu, upepo hulipiga lile bapa na kuzidisha kuinama kule, na kadiri unavyokwenda ndivyo unavyopotea. Ni kama kuufunga usukani wa chombo omoni badala ya tezini: kila wimbi dogo linakuwa amri ya kugeuka. Tiba yake ni moja, ingawa ina njia nyingi. Uzito uwe mbele na upepo ukamatwe nyuma, ili mkia ufuate kichwa. Ndiyo sababu mshale hutiwa manyoya, na ndiyo sababu manyoya ya mshale mmoja yapaswa kutoka bawa la upande mmoja wa ndege, maana unyoya wa kulia na wa kushoto hupinda kinyume, na ukiyachanganya mshale hauzunguki vizuri. Wano, yaani uti wa mshale, lazima uwe umenyooka kabisa, na chembe ikae katikati yake barabara. Fundi anayeipuuza kanuni moja kati ya hizo hulipia kosa lake kwa kila hatua ya mwendo wa mshale.

Sasa tuutazame mshale wa tembo wa Mwaata. Haukuwa kitu kimoja. Nyuma palikuwa na wano wa mti ulionyooshwa, wenye manyoya ya ndege mkubwa na mkato wa kupokea upote. Mbele, ndani ya tundu la wano huo, kilichomekwa kipande kingine kifupi chenye chembe ya chuma, na nyuma ya chembe ndipo ilipopakwa sumu. Mshale ukiingia mwilini mwa mnyama, wano huchomoka na kuanguka, kile kipande cha mbele kikabaki ndani. Kwa kawaida watu husifu jambo la mwisho hilo, kwamba tembo hawezi kuung'oa mshale kwa mkonga au kwa kujisugua kwenye mti, na ni kweli. Lakini mpango huo una faida nyingine inayoanza kabla mshale haujafika. Kipande cha mbele chenye chuma na sumu nzito kama lami huupeleka uzito mbele, pale hasa unapotakiwa, na wano mwepesi wenye manyoya hubaki nyuma kukamata upepo. Chembe yenyewe, iliyofuliwa kwa chuma cha kununuliwa na baadaye kwa msumari mkubwa uliopondwa, ilikuwa ndogo kwa mshale wa kuulia mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu. Mtu asiyejua angeiona haitoshi. Udogo wake ndio siri yake.

Linganisha na wale waliowinda Afrika ya Mashariki bila sumu. Mwaka 1925 Wamarekani wawili, Saxton Pope na Arthur Young, walikuja Tanganyika pamoja na mwandishi Stewart Edward White kujaribu kuwinda simba kwa upinde, na kitabu cha safari hiyo kilitoka mwaka uliofuata. Walitumia chembe pana za chuma cha pua, kwa kuwa mshale usio na sumu huua kwa kukata mishipa na kumwaga damu, na chembe isiyokata kwa upana haina kazi. Kwa hiyo walikuwa wakipambana na lile tatizo la bawa la mbele kila walipofyatua, na bunduki ilikuwa karibu nao kwa usalama. Mwaata alikuwa amelitatua kwa njia nyingine. Kwa kuwa kazi ya kuua aliikabidhi sumu, chembe yake ilibaki na kazi moja tu, kupasua njia. Haikuhitaji upana. Isingepeperushwa na upepo, na isingepoteza nguvu zake kwa kukata jeraha kubwa juu juu. Hapo ndipo sumu na shabaha zinapokutana katika chombo kimoja, wala huwezi kuieleza moja ukaiacha nyingine.

Sumu yenyewe ilikuwa biashara ya watu na watu. Ilitoka katika mti ambao Wamijikenda huuita mutsungu, na wataalamu wa mimea huuita Acokanthera. Vipande vya mti na mizizi vilichemshwa kwa saa nyingi hadi yabaki masazo meusi mazito. Waata walikuwa wanunuzi wakubwa wa sumu iliyopikwa na Wagiriama, ambao walikuwa na watu maalumu wa kazi hiyo. Mwaka 1888 mkemia Mfaransa Léon-Albert Arnaud alitenga kiini cha sumu ya jamii hiyo ya miti, nacho kikaitwa ouabaini, kwa jina lililotokana na Kisomali. Kazi yake ni kuuvuruga moyo: huzuia chembechembe za misuli ya moyo kusukuma chumvi nje kama kawaida, mapigo yakaharibika na kusimama. Ndugu yake, sumu ya kombe ya upande wa mto Shire, ilichunguzwa na John Kirk akiwa katika msafara wa Livingstone, kabla hajawa balozi wa Uingereza Unguja, na kutokana nayo ikapatikana dawa ya moyo iliyotumika hospitalini Ulaya kwa miaka mingi. Sumu hii haifanyi kazi juu ya ngozi, na ikimezwa huingia mwilini polepole na kidogo. Lazima iingie katika damu. Tena hukauka na kudhoofika ikiachwa juani, ndiyo maana ilizungushiwa ngozi laini hadi saa ya kuwinda. Nguvu zake zote zilitegemea mahali mshale ulipofika.

Hapa pana pingamizi la kwanza, nalo ni zito. Mtu atasema: ikiwa sumu huua popote iingiapo, basi kupiga bega au paja au tumbo ni mamoja, na mwindaji hana haja ya kulenga. Jibu liko katika mwili wa tembo na katika haja ya mwindaji. Ngozi ya tembo mahali pengine hufikia unene wa karibu sentimita 2.5, na chini yake kuna mifupa na misuli ambayo damu haipiti kwa wingi sawasawa. Mshale unaogonga mbavu au kubaki katika ngozi huacha sumu yake mahali isipofika popote. Waata walijulikana kwa kupiga ubavuni, nyuma ya mbavu, mahali palipo laini na palipojaa damu, na walioshuhudia waliandika kwamba tembo aliyepigwa sawasawa hakwenda mbali. Umbali huo ulikuwa na maana kubwa. Tembo aendaye siku nzima na sumu kidogo mwilini amepotea: nyama itaozea nyikani, na pembe ataziokota mtu mwingine. Kupiga vibaya kulikuwa hasara ya sumu iliyonunuliwa, ya chembe iliyofuliwa, na ya kazi ya siku kadhaa za kufuata nyayo. Mtu mwenye gharama hizo hapigi popote.

Pingamizi la pili ni la wajuzi zaidi, na nalipenda kwa sababu kulijibu kunafichua jambo ambalo wengi hawaliangalii. Wanasema Mwaata alimsogelea tembo hadi hatua chache, akitumia upepo na utulivu wake. Na kwa umbali huo nani atakosa mnyama mkubwa kama nyumba? Kweli, hawezi kumkosa tembo. Lakini kugonga ni jambo moja na kuzama ni jingine. Upote unapousukuma mshale mzito kwa nguvu kubwa, wano hauendi umenyooka. Hupinda, ukazunguka mwili wa upinde, kisha hupinda upande wa pili, na kuendelea kutikisika hivyo hadi manyoya yautulize. Picha za kasi zilizopigwa Marekani katika miaka ya 1930 zilionyesha jambo hilo wazi. Kwa mshale uendao mbali, mtikisiko huo huisha njiani. Kwa mshale unaopigwa kwa hatua kumi haujaisha, na ukigonga ngozi nene ukiwa bado umepinda, nguvu zake hugawanyika: sehemu husukuma mbele, sehemu huupinda wano zaidi, na chembe husimama juu juu. Kwa hiyo ukaribu, ambao kwa macho unaonekana kurahisisha kazi, kwa mshale ndio mtihani mgumu kuliko wote. Mwindaji wa karibu anahitaji wano ambao ugumu wake unalingana kabisa na upinde wake, si mlegevu wala mgumu kupita kiasi, ili uondoke ukiwa safi tangu mwanzo. Mpigaji wa leo huko Marekani hujaribu hilo kwa kupiga mshale kwenye karatasi iliyowambwa hatua chache mbele yake, akatazama umbo la tundu. Mwaata hakuwa na karatasi hiyo. Alikuwa na wano aliouchagua, akaunyoosha, akaujaribu, akautupa au akautunza, na upinde mmoja aliouzoea tangu ujana.

Kuhusu upinde huo sitakawia, maana umesifiwa vya kutosha. Waliojaribu kuupima waliandika kwamba kuuvuta kulihitaji nguvu ya zaidi ya ratili 100, na Wazungu wenye miili mikubwa walishindwa kuuvuta hadi mwisho. Pinde za vita za Waingereza zilizopatikana katika merikebu Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa mwaka 1982, zimekadiriwa katika daraja hilo hilo. Ninachotaka kuongeza ni kwamba nguvu kubwa hukuza kila kosa la mshale. Wano mbovu katika upinde dhaifu hukosea kidogo. Katika upinde wa ratili 100 hukosea vibaya, au huvunjika mbele ya uso wa mpigaji. Kwa hiyo uzito wa upinde wenyewe ni ushahidi wa ubora wa mshale. Watu wasingalidumu na pinde kama hizo vizazi na vizazi bila mafundi wa kutengeneza mawano yanayozistahimili.

Heshima ya shabaha katika nchi hii imeachwa pia katika fasihi ya pwani. Fumo Liongo, ambaye masimulizi humweka katika miji ya kale ya Ozi na Shaka karibu na Kipini, mwendo mfupi kutoka Garsen, alikuwa shujaa wa upinde. Katika utendi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, sultani wa Pate anawahonga wawindaji wa msituni, ambao masimulizi mengine huwataja kuwa Wasanye na Wadahalo, wamuue. Hila yao ni kula makoma kwa zamu, kila mtu apande mkoma wake na kuangua, ili zamu ya Liongo itakapofika wamfume akiwa juu. Liongo hapandi, anayaangua makoma kwa mshale akiwa chini. Na alipokufa, akiwa amepiga goti kisimani na upinde mkononi, watu wa mji walikaa siku nyingi bila kuthubutu kumkaribia. Mtu anaweza kusema hizo ni hadithi. Sizileti kama tarehe za mambo yaliyotokea. Nazileta kwa sababu hila ile haina maana isipokuwa kwa wasikilizaji wanaojua kwamba watu wa msituni ni mafundi wa upinde, na kwamba mwenzao aliyewashinda lazima awashinde kwa shabaha. Sumu haitajwi kuwa sifa ya Liongo.

Ushahidi mwingine uko katika alama. Kila mwindaji alitia alama yake katika mshale, na alama hiyo ilikuwa hati ya mali: aliyekuta chembe katika mzoga alijua tembo ni wa nani. Waata waliishi chini ya ukubwa wa Waorma, na desturi ilikuwa kumpa mkubwa wa Kiorma pembe moja ya kila tembo. Baada ya Waorma kudhoofishwa na vita vya karne ya 19, biashara ya pembe ilielekea zaidi kwa Wagiriama na wafanyabiashara wa pwani. Katika mfumo kama huo, kila mshale ulikuwa ushahidi wa mkono ulioupiga, na jina la mwindaji lilipanda au kushuka kwa mahali chembe yake ilipokutwa. Kisha alama zile zile zikawageukia wenyewe. Hifadhi ya Tsavo iliundwa mwaka 1948, na katika kampeni ya 1956 na 1957 dhidi ya ujangili maofisa wake David Sheldrick na Bill Woodley, pamoja na askari wao, walizitumia alama za mishale iliyokusanywa kuwatambua wenye mishale. Wengi wakafungwa. Fundi aliyeweka jina lake katika kazi yake kwa fahari alipelekwa mahakamani na jina hilo.

Pingamizi la mwisho silikwepi. Tembo walikufa, tena wengi, na pembe zao zilikwenda mbali na nyika. Je, inafaa kuusifu ufundi uliowaua? Nasema ufundi na biashara vipimwe kila kimoja kwa haki yake. Mwaka 1951 filamu iliyoitwa Tembo ilimwonyesha Mmarekani Howard Hill akiwinda kwa upinde katika Kongo ya Wabelgiji, naye akasifiwa kwa ushujaa. Miaka mitano baadaye watu waliorithi kazi hiyo kwa mababu walikuwa wakifungwa kama majangili. Mwaka 1960 serikali ilianzisha mpango wa Galana, ambao nia yake ilikuwa kuwapa Waata kazi ya kuwinda kihalali kando ya hifadhi, lakini haukudumu mikononi mwao. Upinde ulipoondoka, tembo hawakusalimika. Ukame wa 1970 na 1971 uliua maelfu, kisha zikaja bunduki, na tembo wa Tsavo waliokuwa makumi ya maelfu wakabaki kama 6,000 ilipofika mwisho wa miaka ya 1980. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 inauhesabu hata ule wa kutafuta kitoweo kuwa kosa. Naikubali marufuku ya kuwinda tembo bila shaka yoyote. Sikubali kwamba kwa sababu hiyo elimu ya mshale nayo iachwe ife bila kuandikwa.

Elimu hiyo bado inaweza kuandikwa. Katika vijiji vya Waata kati ya Garsen na Sabaki, na kwa Waboni na Wadahalo ng'ambo ya mto, wako wazee waliojifunza kwa baba zao kuchagua wano na kupanga manyoya. Serikali za kaunti za Tana River, Kilifi na Lamu, pamoja na Makumbusho ya Taifa, ziwatafute wakingali hai, ziwalipe kama wataalamu wanavyolipwa, na zirekodi kwa lugha zao kila hatua ya kuunda mshale, tangu kukata mti hadi jaribio la kwanza. Na pale mshale wa Mwaata unapowekwa ndani ya kabati la kioo, kibandiko chake kisiishie kwenye maneno mawili, mshale wa sumu. Kimweleze mtazamaji kwa nini chembe yake ni nyembamba.